Je, Imani ni Kuamini Pasipo Ushahidi?

Liko neno linalosemwa sana, hasa na vijana waliopata masomo. Husema, "Mambo ya elimu huthibitishwa, bali mambo ya dini huaminiwa tu." Maana yao ni kwamba mwenye elimu hutaka ushahidi, naye mwenye dini huufumbia macho. Na la ajabu ni hili: wako watu wa dini wanaolipokea neno hilo kwa furaha kana kwamba ni sifa. Kwao mtu aulizaye ushahidi amekwisha kupungukiwa na imani. Hivyo anayeikataa dini na anayeitetea wamepatana katika jambo moja, kwamba imani na ushahidi haviketi mkeka mmoja.

Katika mazungumzo haya twataka kulipima neno hilo. Wala si mchezo wa wataalamu peke yao. Katika nchi hii ya Masasi na Newala, na katika wilaya za jirani, watu wengi walikufa kwa sababu ya jambo waliloliamini. Na katika Afrika ya Mashariki wako waliokufa hivyo katika miaka hii yetu. Basi yatupasa kujua tunapoambiwa "amini" tunaombwa kitu gani.

Asili ya neno lenyewe

Kwanza tulitazame neno. Imani limetoka katika Kiarabu, nalo lina ndugu wengi katika lugha yetu: amini, amana, amani, mwaminifu, hata amina tunayoitikia mwishoni mwa sala. Yote yametoka katika shina moja, na maana ya shina hilo ni kuwa salama, pasipo hofu.

Tutwae amana. Mtu anayesafiri humwachia jirani amana yake: fedha, au mbuzi, au ufunguo wa nyumba. Je, humwachia yeyote apitaye njiani? Hasha. Humwachia mtu aliyemjua tabia yake, aliyemwona jinsi alivyorudisha jembe la kuazima na jinsi alivyosema kweli siku ambayo uongo ungalimfaa. Lakini pamoja na hayo yote, msafiri hajui kwa yakini yatakayotendeka nyuma yake, maana moyo wa mwenzio hauonekani. Basi katika amana mna mambo mawili: mna sababu, na mna kuvuka mpaka wa sababu hizo. Ukiondoa la kwanza, umebaki na upumbavu. Ukiondoa la pili, huna haja ya kumwamini mtu tena, kwa kuwa umekwisha kuona yote.

Dini zenyewe nazo hutumia maneno ya baraza la hukumu. Waislamu huita kukiri kwao shahada, yaani ushuhuda. Wakristo wengi huwaita mashahidi wale waliouawa kwa ajili ya dini yao, kama wale wa Uganda waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Nao waliofasiri Waraka kwa Waebrania katika Kiswahili, walipofika mahali ambapo mwandishi aeleza imani ni kitu gani, walitia neno bayana, na bayana ni ushahidi ulio wazi. Mtume Paulo alipowaandikia watu wa Korintho habari za kufufuka, hakuwaambia wanyamaze wasiulize. Aliwataja walioona, wengine kwa majina, akaongeza kwamba wako zaidi ya 500 walioona pamoja, na wengi wao wako hai. Kwa nini awataje walio hai, ila kwa kuwa mtu aweza kuwaendea akawauliza? Kadhalika Kurani yasimulia habari za Nabii Ibrahimu, aliyemwomba Mungu amwonyeshe jinsi ahuishavyo wafu, apate kutulia moyo. Hakufukuzwa kwa kuuliza kwake, alionyeshwa.

Mtu atasema, "Na habari za Tomaso je? Yeye alitaka kugusa makovu, akaambiwa kwamba wenye baraka ni wale wanaosadiki ingawa hawakuona." Ni kweli. Lakini kutoona si sawasawa na kukosa ushahidi. Tomaso alikuwa na maneno ya wenzake kumi, watu aliokula nao na kusafiri nao. Twaona kwamba alaumiwalo si kutaka sababu, bali kuwakataa mashahidi aliowajua.

Kutoona si kukosa ushahidi

Watu wa Newala walilijua jambo hili kwa miguu yao. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua ikinyesha hunywewa na mchanga, na chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabonde. Kwa miaka mingi, mpaka mitambo ya kusukuma maji ilipoletwa katika miaka ya 1950, akina mama walishuka kungali giza na mitungi yao, wakarudi kupanda mlima jua limekwisha kuwa kali. Mama aliyetoka mlangoni alfajiri hakuyaona maji. Lakini aliyateka jana na juzi, na njiani alipishana na jirani anayepanda na mtungi uliojaa. Ushahidi alikuwa nao, ijapokuwa maji hayakuwa mbele ya macho yake. Tena ushahidi huo haukumhakikishia yote, maana katika kiangazi kikali chemchemi yaweza kupunguka. Alishuka kwa imani, na imani yake ilikuwa na miguu ya kusimamia.

Hivyo ndivyo tuishivyo katika mambo mengi. Mkulima hufukia mbegu ambayo watoto wangaliweza kuila. Mwanafunzi husadiki habari za nchi ambazo hajazikanyaga, kwa kuwa wachora ramani ni wengi, nao hukosoana. Baina ya kuona kwa macho na kutojua kabisa pana uwanja mkubwa, na sehemu kubwa ya maisha yetu imo katika uwanja huo. Swali si kama waamini usiyoyaona, maana kila mtu huamini asiyoyaona. Swali ni kama una sababu, na sababu zako ni za namna gani.

Habari ya maji ya vita

Sasa tuje kwenye habari ambayo wazee wa kusini wameisimulia sana. Katika utawala wa Wadachi watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe na ya serikali, wakatozwa kodi, wakapigwa viboko na maakida na askari. Huko Ngarambe, karibu na vilima vya Matumbi, akatokea mganga jina lake Kinjikitile Ngwale. Alitoa dawa ya maji, na habari ikaenea kwamba atakayeipokea na kuyashika masharti yake, risasi za Wadachi zitamgeukia kuwa maji. Mwezi wa Julai 1905 vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Lakini habari ya maji haikufa pamoja naye. Ilizidi kwenda mbele. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa njiani. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa. Misheni ya Masasi ilichomwa moto, na wamisionari wake wakakimbilia pwani Lindi. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge wakiyatumainia maji, wakapigwa kwa bunduki za bombomu, wakaanguka kwa mamia. Vita viliendelea hata mwaka 1907, na baada ya bunduki ikaja njaa, kwa kuwa Wadachi waliteketeza vyakula. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha hata 300,000.

Je, wazee wale waliamini pasipo ushahidi? Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo, wakacheka. Sisi hatupendi kicheko hicho. Wazee wale walikuwa na mambo ya kuwatia moyo. Walijua dawa nyingi zilizowafaa katika maradhi. Waliona makabila yaliyokuwa mbalimbali yakiungana kwa mara ya kwanza, na kuungana huko kulikuwa nguvu ya kweli. Walikuwa na dhuluma mabegani iliyomfanya mtu atamani habari njema. Tena si wote walioamini: wakuu wengine wa Kiyao wa upande wa Newala na Chitangali, kama Matola na Nakaam, waliisikia habari ile ile wasiingie vitani, kila mmoja kwa sababu zake. Kwa hiyo habari moja iliwafikia watu wengi, nao wakaipima tofauti.

Kosa la ushahidi ule latokea wazi tukiupeleka barazani. Mzee wa baraza humwuliza shahidi maswali matatu. La kwanza: umeona mwenyewe, au umesikia? Habari ya risasi kugeuka maji ilipita mdomo hadi mdomo, mbali na mahali ilipoanzia. La pili: shahidi huyu apata nini kwa kusema, na apoteza nini? Waliosema wengi walikuwa wanatamani iwe kweli, na kutamani humfanya mtu mwaminifu kuwa shahidi dhaifu. La tatu ndilo kubwa: ni jambo gani likitokea utakiri kwamba si kweli? Hapo ndipo penye shida. Dawa ilikuwa na masharti, kama kutolala na mwanamke na kutoteka nyara. Mtu akipigwa risasi akafa, iliweza kusemwa kwamba alivunja sharti. Aliyepona alikuwa ushahidi wa dawa, na aliyekufa hakuwa ushahidi dhidi yake. Neno lililofungwa namna hiyo haliwezi kushindwa na jambo lolote, na kwa sababu hiyo haliwezi kumwonya mtu kabla hajaifikia bombomu.

Mzani huo huo juu yetu

Tukifika hapa yatupasa kuwa waaminifu. Mzani tuliowapimia wazee ndio utakaotupima sisi. Katika nchi hii mvua ilipochelewa wazee walimwaga unga chini ya mti wa msolo wakaomba. Baadaye wengine wakaenda kanisani, wengine msikitini, wakaomba. Mvua ikinyesha twasema, Mungu amesikia. Isiponyesha twasema, dhambi zetu zimezidi. Je, hiyo si hesabu ile ile, ya aliyepona kuhesabiwa na aliyekufa kuachwa? Mvua inayokuja mwezi wa Desemba, wakati wake wa kawaida, haiwezi kuwa shahidi wa dini ya mtu yeyote. Hatusemi watu wasiombe mvua; mtoto humwomba baba yake hata asipopewa. Twasema kwamba sala isifanywe hoja ya kumshinda jirani.

Basi ushahidi wa dini ni upi? Wenye dini hutaja hasa wa namna tatu: maneno ya mashahidi wa kwanza, walioyashika ingawa yaliwatia hasarani, ulimwengu wenyewe, ulivyo na mpango kama ulivyo, na maisha ya watu walioishi kwa imani hiyo muda mrefu. Tutoe mfano wa namna ya tatu kwa habari za Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika huku kutoka Unguja pamoja na watu wapatao 50 waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji. Mtu aliyewahi kuuzwa hana haraka ya kuziamini ahadi za wageni. Walikuwa na nafasi ya kuwatazama wahubiri kila siku: kama wanatenda wasemayo, na kama watakaa hatari ijapo. Hatari ilikuja mwaka 1882, Magwangwara walipokiteka kijiji, na wengi wakahamia Newala. Kazi haikukoma. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alifanywa padre, akawatumikia watu wa Chitangali. Watu wa kule walisikia neno kutoka kwa mtu ambaye mwenendo wake waliweza kuupima kwa macho.

Hata hapa lakini tusiuzidishe ushahidi. Maisha mema yathibitisha kwamba mtu ni mwaminifu. Hayathibitishi peke yake kwamba kila analofundisha ni kweli. Maana katika uwanda huu huu wako masheikh walioishi kwa ucha Mungu na ukarimu, na wako wazee wa mila wasiojua kanisa wala msikiti ambao hukumu zao zilikuwa za haki. Mashahidi wa dini hawapatani katika yote. Kwa hiyo ushahidi wa dini haumshiki mtu kwa nguvu kama hesabu ya kujumlisha imshikavyo. Humvuta, haumburuti. Ndiyo sababu twaiita imani, wala hatuiiti hesabu. Na ndiyo sababu hapana haki ya kumlazimisha mtu.

Hoja za wenye elimu wawili

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja bingwa wa hesabu, William Clifford, alitoa mfano wa mwenye merikebu. Merikebu yake ilikuwa kuukuu, naye alijua kwamba yafaa ikaguliwe. Lakini akajituliza moyo kwamba imesafiri mara nyingi ikarudi, na kwamba Mungu atawalinda wasafiri. Akaiacha iende, ikazama na watu wake. Je, mtu huyo hana hatia kwa kuwa aliamini kwa moyo? Clifford asema ana hatia, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo pasipo kukagua mbao. Manahodha wa Lindi na Mikindani wangaliitikia.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1896, Mmarekani William James alimjibu kwamba yako mambo mengine ambayo ushahidi wake haupatikani mpaka mtu ameanza kuamini. Mtu anayengoja uthibitisho wote kabla hajafanya urafiki hatapata rafiki kamwe, na kungoja kwake kumekwisha kuwa jibu.

Sisi twaona kila mmoja ana neno la kweli, mradi tujue mahali pake. Jambo likiwa la mbao na maji, la dawa na risasi, yaani jambo linaloweza kukaguliwa, na hasa likiwa na maisha ya watu wengine ndani yake, basi likaguliwe, na kutaja jina la Mungu kusiwe badala ya kukagua. Jambo likiwa la kumkabidhi mtu moyo, au kumkabidhi Mungu maisha, hapo ushahidi hutufikisha mlangoni, nasi huingia kwa hiari yetu.

Kwa kutochanganya mambo haya mawili wengi wangaliokolewa. Mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha katika ndoto kwamba chaponya maradhi mazito, hata UKIMWI. Watu walikwenda kwa maelfu, magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Aliyesema kwamba kikombe chaponya hakusema siri ya mbinguni. Alisema jambo linaloweza kupimwa katika damu ya mgonjwa. Anayeacha dawa za hospitali kabla ya kipimo hicho hajawa na imani kubwa kuliko wengine. Ameacha kukagua mbao. Na mwaka 2023 huko Kenya, katika msitu wa Shakahola, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, wengi wakiwa wafuasi walioaminishwa kwamba wakifunga kula watakutana na Mungu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuulizwa.

Hitimisho

Basi swali letu tulijibu hivi. Imani si kuamini pasipo ushahidi, wala si kuwa na ushahidi wote. Ni kumkabidhi mtu au Mungu jambo kubwa kwa sababu ulizozipima, ukijua kwamba sababu hizo hazifiki mwisho wa njia. Kwa hiyo kuuliza si adui wa imani. Adui wake ni mtu akuambiaye, "Usiulize," hasa akisema hivyo huku ameshika dawa yako, au fedha yako, au chakula cha mtoto wako.

Nanyi wanafunzi, mkiletewa neno lolote la kuaminiwa, liwe la dini au la elimu, liwekeni barazani. Ulizeni nani ameona. Ulizeni shahidi apata nini na apoteza nini. Ulizeni ni jambo gani likitokea msemaji atakiri kwamba amekosea. Na asipokuwa na jibu, ngojeni. Waulizeni walimu wenu, na mapadre, na masheikh, kwa adabu kama ilivyo desturi yetu, lakini waulizeni. Mwenye kweli hataona haya kujibu, na akiwa hajui atasema hajui.